Picha ya Baba Dogo Ambayo Sikuifuta

Picha ile sikuifuta. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo mnaloniuliza kila mara, ninyi vijana mnaobeba kamera katika mitaa ya Eastlands, kutoka Makadara hadi Baba Dogo: walipokuamuru uifute, mama, ulifanya nini? Niliketi kwenye benchi ya askari tangu asubuhi mpaka jua linakaribia kuzama, kamera ikiwa mapajani, na sikuifuta. Lakini msinipigie makofi bado. Kwa picha hiyohiyo, siku chache baadaye, nilimtendea mtu kosa ambalo hakuna askari aliyeniamuru kulitenda.

Nimepiga picha kwa miaka zaidi ya ishirini. Mwaka huu nimeiweka kamera chini mapema kuliko nilivyotaka, kwa sababu presha ya jicho imelila jicho langu la kulia, ambalo ndilo nililokuwa nikilengea. Chuoni nilisoma falsafa. Mjomba wangu, aliyekuwa karani wa reli, aliiita shahada ya kubishana, na kusema kweli hakukosea sana. Ajira haikupatikana, nami nikaishia kufagia studio ya Mzee Karanja, pale Makadara, nyuma ya duka la fundi wa nguo. Nilidhani nitakaa mwezi mmoja.

Studio ile ilikuwa na dirisha la kioo lililoelekea barabarani, na dirishani zilitundikwa picha: maharusi, watoto wa ubatizo, mabondia, makarani waliovaa suti za kuazima. Kila mteja aliyekuja kuchukua picha yake aliulizwa swali moja kabla ya kupewa bahasha: "Dirisha au sanduku?" Aliyesema dirisha, nakala yake moja ilitundikwa. Aliyesema sanduku, nakala ya studio ilitiwa kwenye sanduku la bati lenye kufuli, na jibu lake likaandikwa nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi. Mimi, na shahada yangu mpya, niliona ni kupoteza wakati.

"Mzee, mtu ameshalipa. Ya nini kumwuliza tena?"

"Amelipa apigwe," alinijibu bila kuinua macho. "Hakulipa aonyeshwe."

Alinisimulia baadaye, tukila githeri mchana mmoja wa mvua. Zamani hakuwa akiuliza. Msichana mmoja mgeni mtaani alikuja kupigwa picha akiwa na gauni jipya, picha ikatoka nzuri mno, Mzee akaitundika katikati ya dirisha. Wiki ya tatu mwanamume akasimama pale kwa muda mrefu, kisha akaingia na kuuliza kwa upole huyu dada anakaa wapi. Mzee alidhani ni ndugu. Akatoka naye hadi njiani na kumwonyesha kwa kidole ploti aliyopanga msichana.

"Alikuwa nani?"

"Mume aliyekimbiwa."

"Ikawaje?"

"Msichana alipona. Meno ya mbele hayakurudi." Akafunika sufuria. "Ndiyo maana nauliza. Na wewe utauliza."

Nawaeleza haya kwa sababu ninyi mmegawanyika makundi mawili, na yote mawili yananiudhi. Kundi la kwanza ni la wanaofuta. Mlinzi wa getini akikohoa tu, mmeshafuta kazi ya asubuhi nzima na kuomba radhi juu yake. Kundi la pili ni la wanaoonyesha. Mama ameanguka kwenye matope, mlevi amelala mtaroni, mtoto wa shule analia, na kabla vumbi halijatulia mmeshamtupa mtandaoni mtu ambaye hamjui hata jina lake. Kisha mkiulizwa, mnasema alikuwa mahali pa umma. Ndiyo, alikuwa mahali pa umma. Hata mimi huenda sokoni, na sijawahi kwenda huko ili nichekwe na watu nisiowajua.

Mimi si wakili, lakini katika miaka hii yote nimebishana na walinzi wa kutosha kujaza kanisa. Barabara ni ya wote. Ukisimama barabarani unaruhusiwa kuona, na unachoruhusiwa kukiona unaweza kukipiga picha, isipokuwa sehemu zile chache zilizotangazwa kuwa za ulinzi, nazo zina mabango. Hakuna soja wa geti mwenye mamlaka ya kukunyang'anya kamera. Askari naye hana ruhusa ya kukuharibia picha kwa kuwa bosi fulani ameona aibu. Yajueni hayo kwa moyo, maana siku mtakayoyahitaji mtakuwa mmeshikwa kola, na mtu aliyeshikwa kola hafungui kitabu.

Na mjue jinsi ya kusimama. Ukanda wa kamera uzungushe mkononi mara mbili, usiuning'inize shingoni, maana shingo huvutwa. Usikimbie; anayekimbia Eastlands ameshahukumiwa kabla hajafika kona. Jibu kwa sauti ya kusikika na watu kumi, maana kumi hao ndio mashahidi wako. Usitukane. Uliza jina. Na ukiweza, nunua kitu kwa mfanyabiashara aliye karibu kabla hujatoa kamera, ili awepo mtu mmoja anayejua kwamba hukushuka kutoka mwezini.

Heshima nyingine nilifunzwa Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi. Nilimpiga picha beberu mmoja mwenye ndevu za hakimu, mwenye mbuzi akanijia mbio.

"Umempiga upande gani?"

"Wa kushoto, mzee."

"Huo futa. Huyu ni mbuzi wa upande wa kulia."

Watu wakacheka, naye hakucheka hata kidogo. Upande wa kushoto beberu alikuwa na kovu na mbavu zilihesabika. Upande wa kulia alikuwa mnono kama mwenyekiti wa harambee. Nilimpiga tena, upande wa kulia. Si kwa kuwa sheria ilinilazimisha. Nilikwenda nyumbani nikiwaza kwamba mtu asiye na la kuficha bado anataka kuwa na neno kuhusu upande wake utakaoonekana, na kwamba hilo si kosa lake.

Sasa nifike Baba Dogo.

Nilikuwa nikipiga picha za mageti asubuhi, vibarua wanapojipanga wakisubiri kuitwa. Ilikuwa kazi yangu mwenyewe, hakuna aliyenituma. Siku hiyo nilisimama ng'ambo ya barabara, mkabala na kiwanda cha kutengeneza mabeseni ya plastiki, kando ya mama muuza chapati. Vibarua walikuwa wameshaingia muda mrefu, nami nilikuwa nikifunga mkoba, geti lilipofunguliwa tena. Wanaume wawili walitoka wakisukuma mkokoteni. Juu yake aliketi kijana mmoja, mkono wake wa kulia umefungwa kwa aproni, na aproni imelowa damu. Nilipiga picha nne. Nyuma yake geti lilionekana wazi, na ndani ya geti mashine zilikuwa zinaendelea kunguruma.

Soja wa geti aliniona.

"Wee madam, hapa hapapigwi picha."

"Hapa wapi, ndugu yangu?"

"Hapa kampuni."

"Kampuni iko huko uliko. Mimi niko barabarani na huyu mama wa chapati."

"Mimi usinitaje," mama akasema akigeuza chapati. "Mimi nauza chapati tu."

Akatoka supavaiza, kofia yake ngumu ikiwa safi kama sahani ya mgeni. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na watu wa sauti ya chini ndio wa kuogopwa.

"Mathe, tusisumbuane. Futa nikiona, halafu uende zako."

"Na huyo kijana anapelekwa wapi?"

"Kijana gani?"

"Aliyetolewa hapo kwa mkokoteni."

"Sijaona kijana."

Mkokoteni ulikuwa haujafika hata kwenye kona. Sote tuliusikia gurudumu lake likilia. Mama wa chapati alimtazama supavaiza, akatazama kona, akarudisha macho kwenye kikaango chake.

Supavaiza alipiga simu. Wakaja askari watatu, na mdogo wao ndiye aliyepewa kazi ya kuongea nami.

"Mama, kwani picha ni kitu gani? Futa tu, tuachane na hii maneno."

"Kama si kitu, afande, mbona mmekuja watatu?"

"Una kibali?"

"Cha kusimama barabarani?"

"Cha kupiga picha."

"Huyo jamaa nyuma yako anakurekodi kwa simu tangu ulipofika. Yeye ana kibali?"

Aligeuka, watu wakaangua kicheko, na hapo nikajua kwamba nitalala au nitashinda kituoni. Hakuna askari anayesamehe kuchekwa. Nilishinda huko. Niliketi benchini, na kila saa mmoja wao alipita akasema nifute niende nyumbani, nami kila saa nikauliza kosa langu limeandikwa wapi. Njaa iliniuma. Niliogopa pia, msidhani sikuogopa. Lakini nilikuwa nimeona damu ile, na nilikuwa nimesikia mtu akisema hajaona kijana. Jioni akaingia sajini mmoja mtu mzima, amechoka, akaniona.

"Huyu amefanya nini?"

"Alikataa kufuta, sir."

"Kufuta nini?"

"Picha, sir."

"Ya nini?"

"Ya geti."

"Geti ni lako?"

Sajini alinipungia mkono wa kuniaga kama anayefukuza kuku jikoni, nikaenda zangu na picha zangu nne.

Kama hadithi ingeishia hapo ningekuwa shujaa, na ninyi mngeishi na uongo.

Yule kijana wa mkokoteni nitamwita Wekesa. Nilimpata siku mbili baadaye katika chumba anachokaa na mkewe na mdogo wake, nyuma ya karakana za Baba Dogo. Mashine ilikuwa imemkata vidole vitatu. Kampuni ilishamwambia kwamba siku ile hakuwa kazini, kwamba aliumia huko barabarani, na kwa kuwa vibarua hawaandikwi popote, hapakuwa na karatasi ya kuwakanusha. Bila ushahidi, hapana fidia. Na bila vidole, hapana kazi ya mikono. Picha yangu ndiyo ilikuwa karatasi yake ya pekee.

Nilimwuliza alivyotaka itumike, kama nilivyofunzwa. Alijibu kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hilo.

"Ofisi ya kazi waione yote. Gazeti pia sawa, watu wajue. Lakini kwa gazeti sura yangu isionekane."

"Kwa nini?"

"Brathe wangu yuko geti hilohilo, na wanaoita watu hapo hawajajua ni mimi. Na mageti yanaongea, mathe. Ukionekana unashtaki hapa, ukifika geti la pili jina limekutangulia."

Nilimwahidi. Nikaifunika sura yake kwa kivuli cheusi mwenyewe, kwa uangalifu, nikaikuza picha na kuikagua kutoka paji la uso hadi kidevuni. Gazeti likaichapa.

Asubuhi iliyofuata mdogo wake aliitwa kando pale getini na kuambiwa hakuna kazi. Siyo leo, siyo kesho.

Nilikwenda kesho yake nikakuta mlango wazi. Wekesa alikuwa ameketi kitandani, gazeti liko magotini.

"Umeona ulichofanya?"

"Nilificha uso, Wekesa. Niliukagua."

"Uso?" Aliweka kidole cha mkono wa kushoto chini kabisa ya picha. "Na hizi?"

Gumbuti, zile buti za mpira. Nilikuwa nimeziona mara mia, kila asubuhi, na sikuwahi kuziona. Gumbuti za vibarua zote ni nyeusi na zote huibwa, kwa hiyo kila mmoja huchora alama yake kwa rangi. Za Wekesa zilikuwa na pete mbili nyeupe na jembe dogo ubavuni, zinang'aa kwenye gazeti kuliko kitu kingine chochote.

"Saa kumi na mbili asubuhi kuna giza, kuna baridi, kila mtu amevuta kofia mpaka hapa. Nani anaangalia uso? Pale tunajuana kwa gumbuti."

Mkewe alikuwa akichochea jiko. Hakugeuka.

"Na eti huyu amesoma," akasema.

Nilikuwa nimelinda uso kwa sababu mimi ndiye ninayewatambua watu kwa uso. Nilimfikiria msichana wa gauni jipya, na Mzee Karanja akinyoosha kidole njiani, naye pia akidhani anatenda wema.

Hapo Wekesa akanieleza yaliyobaki. Supavaiza alikuwa ametuma mtu usiku uliotangulia. Wekesa akitia alama kwenye barua inayosema alianguka barabarani, na mimi nikifuta picha zote nne, mdogo wake atarudishwa kazini Jumatatu.

Niliitoa kadi ya kamera nikaiweka mezani, karibu na kikombe chake.

"Askari hakuwa na haki ya kuniambia nifute," nikamwambia. "Wala supavaiza. Wewe unayo. Sema, nitafuta hapa ukiona."

"Zote?"

"Zote. Na nakala iliyo nyumbani."

Nitakuwa mkweli kwenu. Nilikuwa nikiomba moyoni asiseme. Nilikuwa nimeipigania picha ile, nilishaanza kuiona yangu, na pale ndipo nilipogundua jinsi nilivyokuwa nimeanza kufanana na yule mwenye kofia safi. Kila mmoja wetu alikuwa anataka kumwamulia Wekesa kama alikuwepo au hakuwepo.

Wekesa aligeuza macho kutoka kwenye kadi. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, kijana mrefu, makoti mawili mwilini kwa baridi.

"Usiniangalie mimi," yule mdogo akamwambia. "Geti nitatafuta lingine. Vidole utatafuta wapi?"

"Utakula nini ukitafuta?"

"Kwani hapo tulikuwa tunakula nini?"

Mke akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Wekesa akaisukuma kadi kwa kiganja cha kushoto mpaka ikanifikia.

"Usifute. Na ile isiyofunikwa, bado ndiyo uende nayo huko ofisi. Wamenijua tayari, sasa wanione vizuri."

Siku ya kusikilizwa kwa shauri lake, kampuni ilileta mtu wa tai na faili nene. Hakusema kwamba picha ni ya uongo. Alisema ilipigwa bila ruhusa ya kampuni, na hivyo isipokelewe. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima kulijibu hilo. Nilikuwa na vifungu, nilikuwa na hoja, falsafa yangu yote ilikuwa imekaa ulimini. Afisa wa kazi, mwanamke wa umri wangu, hakuniuliza mimi. Alimgeuzia Wekesa picha.

"Huyu aliye juu ya mkokoteni ni nani?"

"Ni mimi."

"Hapo ulitoa ruhusa upigwe picha?"

"Hapo nilikuwa nalia, madam. Hakuna mtu aliniuliza." Akanitazama, bila chuki na bila huruma. "Leo ndiyo natoa."

Afisa akaandika. Mtu wa tai akafungua faili lake, akalifunga. Fidia ilichukua miezi mingi, lakini ilipatikana. Vidole havikurudi, na mdogo wake hakupokelewa tena kwenye geti lile mpaka kiwanda kilipofungwa. Msiniombe niseme kwamba yote yalikwisha vyema. Nasema tu kwamba mtu aliyeambiwa hakuwepo alithibitisha kwamba alikuwepo, na kwamba alifanya hivyo kwa hiari yake, si kwa hiari yangu.

Kwa hiyo mkiamriwa mfute, kataeni. Kataeni mkiwa mmesimama wima, kwa sauti ya kusikika, hata kama mnaogopa. Sitawaambia neno laini zaidi ya hilo. Mtaa ambao watu wake wanaogopa kuelekeza kamera getini ni mtaa ambao mtu yeyote anaweza kuambiwa hakuonekana. Lakini mkitoka hapo na picha yenu, msijidanganye kwamba sasa ni yenu peke yenu. Nendeni mkamtafute aliyemo ndani yake, hata kama anakaa mwisho wa njia ya matope, na mumwulize. Mwulizeni tena kesho, maana jibu la leo si la kesho.

Mimi mwenyewe nilimpigia simu Wekesa kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa haya. Sasa anauza vipuri vya baiskeli mahali pengine mjini, na mteja wake hana haja ya kujua habari za mkokoteni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nitaandika kurasa ngapi, nami nikasikia mtoto akicheza nyuma yake.

"Andika, mathe," akasema. "Ila jina badilisha."

Nimelibadilisha.